Hiyo Ngozi Usiikate! Vidokezo vya Kutunza Kucha Ukiwa Nyumbani

Saluni ina raha yake: unakaa, feni inakupuliza, na umbea wa mtaa mzima unakufuata pale pale kitini. Ila afya ya kucha haipatikani saluni. Inapatikana kwenye beseni la vyombo, bafuni, na kitandani dakika mbili kabla ya kulala. Na sehemu kubwa ya matunzo yenyewe ni kuacha vitu fulani tunavyojifanyia kwa mikono yetu wenyewe. Tuanze na kile kibaya kuliko vyote.

1. Kijingozi cha mzizi wa kucha kina kazi, kiache

Tazama kidole chako pale kucha inapoanzia. Kuna utepe mwembamba wa ngozi uliolalia juu ya kucha, umekauka kidogo, mara nyingine mweupe. Kazi yake ni kuziba upenyo kati ya kucha na nyama, kama ule mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha: hauna umbo la maana, lakini jaribu kuutoa uone. Ukiukata, umeyafungulia njia maji, bakteria na fangasi. Siku mbili tatu baadaye kidole kimevimba, chekundu pembeni, kinapwita usiku kucha. Huyo ndiye mdudu wa kidole, na akishatunga usaha ujue umeingia gharama ya hospitali kwa sababu ya urembo wa dakika tano.

Tamaa ya kuiondoa ngozi hii si ya leo. Cutex, kampuni ambayo huku kwetu jina lake tumezipa rangi zote za kucha, ilianza Marekani mwaka 1911, na bidhaa yake ya kwanza haikuwa rangi. Ilikuwa dawa ya maji ya kulainisha na kuondoa ngozi hiyo, ikitangazwa kwa watu waliochoka kuikata kwa mkasi. Zaidi ya miaka 100 imepita na mkasi bado haujawekwa chini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu wa kucha akishaanza kuchomoa kile kikoleo chake, mwambie kwa upole: "Hapo usikate, sukuma tu." Pesa ni yako na kidole ni chako.

2. Kusukuma nako kuna adabu yake

Wakati mzuri ni ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado laini. Kama umeamua kuwapa vidole siku yao, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hivi, vikaushe, kisha weka tone la mafuta kwenye kila mzizi wa kucha na usubiri kidogo. Halafu chukua ncha ya taulo, au kijiti laini ulichokizungushia pamba, usogeze ile ngozi nyuma taratibu. Inapogoma, iache. Usitumie ncha ya kisu, kibanio cha nywele wala mfuniko wa kalamu. Chini ya ngozi hiyo ndipo kucha inapotengenezwa, na ukipabonyeza kwa nguvu, kucha itaota na mfereji utakaouona kwa miezi. Mara moja kwa wiki inatosha kabisa.

Vile vijingozi vinavyochanika pembeni na kunasa kwenye nguo ni habari nyingine. Hivyo vimeshakufa, unaweza kuvikata, lakini kwa mkasi mdogo safi na karibu na shina. Ukivivuta kwa meno, vinachanika mpaka kwenye nyama nzima.

3. Mafuta kila usiku

Hapa wala huhitaji kwenda dukani. Mafuta ya nazi, ya ufuta, ya alizeti yaliyobaki jikoni, au mafuta ya mgando uliyonayo kabatini, yote yanafaa. Zile chupa ndogo za "mafuta ya kucha" zinazouzwa bei ya kuku mzima, ukisoma lebo mara nyingi utakuta ni mafuta ya mimea yaliyotiwa manukato. Kama una pesa, nunua. Mimi siwezi kukushauri.

Paka kidogo, sugua kuzunguka kila kucha, lala. Ukishika simu kabla hayajakauka, hilo ni juu yako.

4. Maji yana ubaya wake

Kucha hunyonya maji ikatuna, ikikauka inanywea. Ikituna na kunywea mara kumi kwa siku, ncha zake zinaanza kuachana tabaka kwa tabaka. Ndiyo maana dada wa kazi, mama ntilie na kijana anayeosha magari wanalalamika kucha kukatika hata kama hawajawahi kuzipaka kitu. Sabuni ya unga na dawa ya kutoa madoa zinaongeza ukali.

Dawa ni glovu za mpira. Lakini zikishaingia maji ndani, vua, kwa sababu kidole kilichofungiwa kwenye unyevu saa nzima kinaoza vizuri zaidi kuliko kilicho wazi. Baada ya kazi zigeuze, zianike. Kama huna glovu, basi fua nguo zote kwa mkupuo mmoja badala ya kurudirudi kwenye beseni, kausha mikono hadi katikati ya vidole, paka mafuta.

Na ndimu? Inatoa doa la bizari, ni kweli. Lakini inakausha kucha, na juisi yake ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani, inaweza kukuunguza. Ukiitumia, nawa vizuri.

5. Wembe mmoja, mtu mmoja

Bado kuna nyumba ambazo wembe mmoja unakata kucha za baba, mama na watoto watano, kisha unarudishwa juu ya dirisha. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza, tena damu yenyewe huwezi kuiona. Kila mtu awe na kikata kucha chake. Ukienda saluni, au ukimwita kijana anayepita mtaani na kikapu chake cha rangi, toa vifaa vyako mwenyewe. Hatakununia; atapaka rangi na kuondoka.

Kucha za mikono zikate kwa kufuata mviringo wa kidole. Za miguu kata moja kwa moja, usichimbe pembeni, la sivyo zitaota kuingia nyamani.

6. Tupa ya kucha iende upande mmoja

Kutoka pembeni kwenda katikati, kucha ikiwa kavu. Ukiisugua mbele na nyuma kama unakata mbao, inachanika.

7. Rangi, hina na vyote vinavyopakwa

Rangi ya kawaida haina ugomvi mkubwa na kucha. Ugomvi uko kwenye kuitoa, maana asetoni inakausha. Wanawake wengi wa Kiislamu hufuta rangi ili maji ya udhu yafike kwenye kucha, na wakipaka na kufuta kila mara kucha zinageuka chaki. Hina haina shida hiyo: inaingia kwenye kucha yenyewe, haiweki tabaka juu, na inaondoka kadiri kucha inavyoota. Bibi zetu wa Pwani walilijua hili mapema.

Ila hina ni ile ya majani, inayotoa rangi ya chungwa hadi kahawia. Piko nyeusi mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali inayoitwa parafenilinidiamini. Imewababua watu ngozi, wakiwemo maharusi siku chache kabla ya sherehe.

Jeli na kucha za kubandika zisibanduliwe kwa kung'oa. Zinaondoka na tabaka la kucha yako. Ukianza kuwashwa pembeni mwa kucha baada ya kuziweka, huo ni mzio, acha kabisa. Kumbuka kucha ya mkono huota karibu milimita 3 kwa mwezi. Uharibifu wa siku moja unachukua kama miezi 6 kuisha, na wa mguuni unaweza kupita mwaka.

8. Kwa wanaotafuna

Paka shubiri, ile ile iliyokuachisha ziwa. Pilipili usijaribu, macho yako karibu.

9. Zisome kucha zako

Madoa meupe madogo watu husema ni upungufu wa kalsiamu. Mara nyingi ni alama za kujigonga tu. Kucha zilizopauka na kubonyea katikati kama kijiko zinaweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma. Kucha ya mguu iliyonenepa, ya njano na yenye kumeguka huenda ni fangasi, na tiba yake inachukua miezi.

Sisi wenye ngozi nyeusi huwa na mistari ya kahawia kwenye kucha, mingi haina tatizo. Lakini mstari mmoja mpya, unaopanuka, au weusi unaovuka mpaka kwenye ngozi, usiupuuze. Mwaka 1977 Bob Marley aligunduliwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Ukiona mstari wa namna hiyo, nenda hospitali wiki hii hii, na ufute rangi kabla ya kwenda ili daktari aione kucha yenyewe.