Makumbusho na Akili ya Mtoto Mdogo

Swali: Mimi ni mama muuza samaki hapa Kisumu, na mwanangu ana umri wa miaka minne. Je, makumbusho yatamfaa, au ni anasa ya wenye nacho?

Jibu: Yatamfaa sana, mama. Tangu mwaka 1899, yalipofunguliwa kule Brooklyn, Marekani, makumbusho ya kwanza yaliyowekwa makhsusi kwa watoto, imezidi kudhihirika kwamba mtoto mdogo hupata maarifa kwa kugusa, kuuliza na kuigiza kuliko kwa kuketi kimya akihubiriwa. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ingawa hayakujengwa kwa ajili ya watoto peke yao, yana boma kamili la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala, lenye nyumba za wake watatu na ya mwana wa kwanza. Mwache azihesabu nyumba hizo, kisha mwulize kwa nini ya mke mkubwa yaelekea lango, wala usiharakishe kumjibu, kwani katika kutafuta jawabu lake mwenyewe ndimo ubunifu huzaliwa. Mfikapo kwenye matangi ya samaki, mwalimu ni wewe: ngege na kamongo unawajua kwa majina, kwa magamba na kwa tabia, na elimu hiyo ni hazina isiyohitaji cheti. Mrudipo nyumbani, mpe udongo afinyange alichokiona.

Nanyi wasimamizi wa makumbusho, nawasihi: tengeni walau siku moja kila mwezi ambapo watoto na wazazi wao wataingia bila malipo.