Makapi Yaliyolala Hayaingii Kwenye Mtindi

Kijitabu cha elimu kwa wasindikaji wadogo, vikundi vya akina mama na vijana, na wanunuzi

Kwa nini tumekiandika

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Wanunuzi wanatuletea vikopo vilivyovimba mifuniko, mtindi wa rangi ya chungwa unaonuka pombe, na habari za watoto walioharisha usiku kucha. Wasindikaji nao wanalalamika kwamba mtindi wenye makapi ya mboga, waliofundishwa kuutengeneza, unaharibika kabla haujafika dukani. Tumewasikiliza wote. Kila tunapofuatilia chanzo, mara nyingi tunakuta kosa ni lilelile: makapi ya mboga yaliachwa yakalala, kisha yakatiwa kwenye maziwa.

Tunajua pia kwamba wengi hawatuamini sisi maofisa. Ofisa akionekana na kipimajoto mkononi, watu hudhani amekuja kufunga biashara. Hatukuja kufunga biashara ya mtu. Tunataka msindikaji asimuuguze jirani yake kwa chakula alichokiandaa kwa nia njema. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue.

Faida ipo, wala hatuikatai

Karoti ikikamuliwa juisi, karibu theluthi ya uzito wake hubaki kama makapi. Humo hubaki pia sehemu kubwa ya karotini, ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Nyanya zikisindikwa kuwa sosi, hubaki maganda na mbegu, na likopini, yaani rangi nyekundu ya nyanya, imejaa kwenye ganda kuliko kwenye nyama yake. Vitu hivi kwa kawaida vinaishia jalalani, kuanzia kwenye vibanda vya juisi vya mjini hadi kwenye maeneo ya nyanya kama Ilula mkoani Iringa.

Maziwa kwa upande wake yana protini na kalsiamu, lakini hayana nyuzinyuzi hata chembe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na wengi wetu hatuzifikii, hasa mijini tunakoishi kwa ugali wa sembe na mkate mweupe. Makapi ya karoti yakikaushwa, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni nyuzinyuzi. Tena karotini haifyonzwi vizuri na mwili pasipo mafuta, na mafuta yamo ndani ya maziwa. Kwa hiyo aliyefikiria kuviweka pamoja alifikiri vyema.

Wala kuchanganya mmea na maziwa si jambo geni kwetu. Wakalenjin wa Kenya hupaka mkaa wa mti wa senetwet ndani ya kibuyu kabla ya kugandisha mursik, maziwa yao yaliyochacha. Tazameni hapo: kinachoingia kibuyuni kimepita motoni kwanza.

Hatari tunayoiogopa

Hapa tunaomba msomaji atulie.

Karoti imelelewa udongoni. Hata ukiiosha vizuri, bakteria wa udongo hubaki, na baadhi yao hujifungia ndani ya spora, ganda gumu ambalo moto wa kawaida wa jikoni hauliui. Karoti nzima inajilinda kwa ngozi yake. Ukishaisaga na kuikamua, umepasua kila ukuta, umeacha unyevu na sukari, halafu umeyafunga yote ndani ya ndoo ya plastiki katika joto la Dar es Salaam. Bakteria hawahitaji mwaliko mwingine.

Mmoja wao ni Bacillus cereus. Akipewa muda hutengeneza sumu ya kutapisha ambayo haivunjiki hata ukiichemsha saa nzima. Mwingine ni Staphylococcus aureus, anayetoka puani na kwenye vidonda vya mikono ya mtu anayekamua. Naye huacha sumu inayostahimili kuchemshwa.

Wengi wanakosea hapa. Mtu anasema: yamechacha kidogo tu, nitayachemsha. Kuchemsha kunaua bakteria wengi, lakini hakuondoi sumu waliyokwisha kuitoa. Mwingine anasema: mtindi ni mchachu, uchachu utamaliza kila kitu. Uchachu huzuia bakteria wengi wasizaliane, lakini haufuti sumu iliyokwisha kuingia. Tunarudia, maana hili ndilo linalopuuzwa: makapi yaliyolala hayatengenezeki. Si kwa moto, si kwa uchachu, si kwa jokofu, si kwa sukari.

Mwezi Juni 1989, nchini Uingereza, watu 27 waliugua botulizimu baada ya kula yogati yenye ladha ya hazelnut, na mmoja wao akafariki. Maziwa hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye rojo ya njugu iliyotiwa ndani yake. Aliyeitengeneza aliondoa sukari akaweka kitamutishi, na moto uliopika makopo ya rojo haukutosha kuua spora za Clostridium botulinum, bakteria anayesababisha ugonjwa huo. Sumu ilitengenezwa ndani ya kopo, ikaingia kwenye yogati ikiwa tayari, na uchachu wa yogati haukuwaokoa watu wale. Ilikuwa nchi yenye viwanda na maabara. Sisi tunaofanya kazi kwa ndoo na sufuria hatuna nafasi ya kuwa wazembe kuliko wao.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni ya muda. Tangu karoti inapokamuliwa hadi makapi yanapoingia kwenye maji yanayochemka, usipite muda wa saa mbili. Bandika kipande cha utepe kwenye ndoo, uandike saa uliyoanza kukamua kwa kalamu isiyofutika. Ndoo isiyoandikwa saa haiingii jikoni, hata kama mwenye nayo anaapa.

Tumeona pia namna watu wanavyonunua makapi kwenye vibanda vya juisi jioni, kwa bei ya kutupa. Ndoo imekaa chini ya meza tangu asubuhi, makapi ya kila glasi yakimwagwa juu ya yale ya mwanzo. Nawa mikono, uchomeke vidole hadi katikati ya ndoo kama hiyo. Makapi mapya ni ya baridi, yametengana kama chicha ya nazi, na yananuka karoti. Yaliyolala ni ya baridi juu lakini katikati yana joto, yanateleza vidoleni na kushikana, na harufu yake inaelekea siki au pombe. Hayo usiyanunue, hata ukipewa bure. Na hata yasipotoa harufu usijipe moyo, kwa sababu sumu tulizozitaja hazina harufu wala ladha. Kipimo ni saa, si pua.

Yakiwa na ukungu, hata ng'ombe wa maziwa asipewe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, anayoila ng'ombe hutokeza kwenye maziwa yake. Waliofiwa na ndugu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sumukuvu hawahitaji kuelezwa uzito wa neno hili.

Haya yote tuliyasema kwenye mafunzo ya mwanzo, tukayarudia kwenye mikutano ya vijiji, tukayabandika ukutani. Vikundi vilivyotusikia vinafanya kazi vizuri, na tunavijivunia. Ambavyo havikusikia ndivyo tunavyoviandikia leo.

Namna ya kufanya

Chagua karoti nzima zisizooza. Ambazo zimepigwa dawa na siku za kusubiri hazijaisha, ziache, kwa sababu mabaki ya dawa yanaweza kubaki kwenye makapi unayotaka kuyatumia. Osha kwa maji safi yanayotiririka, kwangua, kata kichwa cha kijani. Kamua. Andika saa.

Kabla muda haujaisha, tia makapi kwenye maji yanayochemka kwa dakika 3 hadi 5. Chuja, kisha yatandaze mara moja kwenye trei za kaushio la jua, kwa safu nyembamba. Joto ndani ya kaushio liwe nyuzi 55 hadi 65. Yakauke mpaka yavunjike unapoyakunja, yasipinde. Kuanika kwenye turubai kando ya barabara hakukubaliki: kuna vumbi, nzi na kuku, na jua la moja kwa moja linaifisha karotini. Siku ya mawingu, kaushio likiwa halipati joto, usikamue makapi ya kutengeneza unga. Kunywa juisi yako, makapi yapeleke kwenye mboji.

Yakikauka, saga, uchekeche kwa chekeche laini. Usipochekecha, mnywaji atahisi mchanga ulimini, na hatarudi. Hifadhi unga kwenye chombo kikavu kinachofunga vizuri, mahali pa giza. Ukiona umeanza kushikana mabonge, umeingia unyevu, utupe.

Sasa maziwa. Anza na gramu 10 za unga kwa lita moja, na usipite gramu 20. Ukizidisha, maji hujitenga na mtindi na kikombe hakipendezi. Unga unaingia kwenye maziwa kabla ya kupashwa moto. Kabla, si baada. Pasha maziwa pamoja na unga hadi nyuzi 90, yakae kwenye joto hilo dakika 5 huku ukikoroga, au nyuzi 85 kwa dakika 30. Pima kwa kipimajoto, usikadirie kwa kidole. Kwa yogati, poza hadi nyuzi 43, tia kimea cha kugandishia, funika kwa saa 4 hadi 6 mpaka igande. Kwa maziwa lala, poza hadi joto la kawaida la chumba, utie kimea chake, uache usiku kucha. Kisha weka kwenye jokofu, nyuzi 4.

Kuna wanaonyunyiza unga juu ya mtindi ulioganda, wakisema unapendeza. Tunakataza. Unga huo haukupita kwenye moto wa maziwa. Na mtindi wenye makapi usiutumie kama kimea cha kesho. Nunua kimea safi, au tenga mtindi mweupe kwa kazi hiyo.

Maganda tusiyoyataka kabisa

Ganda la kiazi mviringo, hasa la kijani au lililochipua: lina solanini, na kuchemsha hakuiondoi. Ganda la muhogo: lina sianidi. Majani na vikonyo vya nyanya. Chochote kilichookotwa sokoni mwisho wa siku bila kujulikana kimetoka wapi.

Makapi ya bitiruti na mboga za majani yanaweza kubeba naitrati nyingi, kwa hiyo bidhaa zake asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama peke yake, asipewe mtindi wa aina yoyote. Mtu mzima akila mtindi wa bitiruti na kuona mkojo umekuwa mwekundu, asihangaike, ni rangi tu.

Vibali

Kwa Tanzania Bara, usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, na shughuli za maziwa zinasimamiwa na Bodi ya Maziwa. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi iliyo karibu ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Ada, fomu na masharti ya jengo ataelezwa huko.

Usiandike usichoweza kukithibitisha

Tumeona vikopo vimeandikwa kwamba vinatibu kisukari, shinikizo la damu na saratani. Viondoeni madukani. Fanya hesabu: kwa gramu 20 za unga kwa lita, kikombe cha robo lita kina gramu 5 za unga, na ndani yake nyuzinyuzi gramu 2 hadi 3. Hiyo ni nyongeza ya maana kwa anayekula vizuri, lakini haifiki hata sehemu ya nane ya mahitaji ya siku. Kipimo kimojawapo cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni gramu 3 katika kila gramu 100 za chakula kabla hujakiita chanzo cha nyuzinyuzi. Mtindi wako haujafika hapo. Andika ulichotia, tarehe ya kutengenezwa, ya mwisho wa kutumika na namba ya toleo. Anayetaka kumuuzia mgonjwa matumaini kwenye kikopo atakutana nasi.

Mtu akiugua

Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula ni dalili ya sumu iliyokuwemo tayari. Apewe maji ya chumvichumvi, apelekwe kituo cha afya. Lakini kope zikilegea, akiona vitu viwili viwili, ulimi ukiwa mzito au akishindwa kumeza, usingoje kupambazuke. Hizo ni dalili za botulizimu, ambazo kwa kawaida huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula na wakati mwingine huchelewa siku kadhaa. Pumzi inaweza kukatika. Mpeleke hospitali yenye mashine ya kupumulia ikiwezekana, na umwambie daktari wazi kwamba mgonjwa alikula mtindi wenye makapi.

Mtindi uliobaki usiumwage. Funga kikopo ndani ya mfuko, uuweke kwenye baridi, wala mtu asiuonje. Msindikaji asimamishe mauzo saa hiyohiyo, arudishe vikopo vyote vyenye namba ile ya toleo, kisha aende hospitali na daftari lake la saa za kukamua.