LAND CRUISER ILIYOTUMIKA: KUITAMBUA KWA INJINI NA MWAKA WAKE

Mtumishi anayenunua gari kubwa kwa kiinua mgongo chake hununua mara moja. Akikosea, hapati kiinua mgongo cha pili. Kwa wakaazi wa Mtwara jambo hili lina uzito wa pekee, kwani njia za mchanga zilizopo kati ya Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma huichosha injini mapema, na kipuri kisichopatikana mjini hulazimu kuagizwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 500.

Ni desturi ya wanunuzi wengi kutazama rangi, viti na magurudumu. Lakini Toyota Land Cruiser, hasa zile ambazo wananchi wamezoea kuziita mashangingi, huweza kufanana kabisa kwa nje na kutofautiana sana chini ya boneti. Kwa hiyo inashauriwa mnunuzi afungue boneti kwanza na kusoma kibati cha mtengenezaji. Herufi za mwanzo za aina ya gari hutaja ukoo wa injini: HZJ ni dizeli ya 1HZ, HDJ ni dizeli yenye tabo, FZJ na UZJ ni petroli, na VDJ ni dizeli ya silinda nane.

Magari ya kabla ya 1990 yenye injini ya 2H, ya sentimeta za ujazo 3,980, yangalipo machache. Ni magumu, na kamshafti yake huzungushwa kwa gia, si mkanda. Ila ni mazito barabarani na umri umekwisha kuyala.

Mwaka 1990, katika toleo la 80, zilitoka injini mbili za dizeli ambazo ndizo chanzo cha mkanganyiko mwingi. Zote zina silinda sita na ujazo wa sentimeta 4,164. Ya kwanza, 1HZ, haina tabo. Dizeli huanza kuwaka katika chumba kidogo kabla ya kuingia katika silinda, pampu yake huendeshwa bila umeme wa kompyuta, na nguvu yake ni takriban nguvu-farasi 130. Ya pili, 1HD-T, hupuliza dizeli moja kwa moja ndani ya silinda, ina tabo ya kusukuma hewa, na hufikia takriban nguvu-farasi 165. Dereva aliyeendesha zote mbili katika mlima wa kupanda Newala hahitaji kuelezwa tofauti yake.

Hata hivyo, nguvu hiyo ilikuja na dosari. Beringi za konrodi katika 1HD-T za miaka ya mwanzo zililika kabla ya wakati, na ubaya wake ni kwamba hazipigi kelele mpaka mambo yamekwisha kuharibika. Beringi ikigeuka, huharibu kranki, na konrodi ikikatika hutoboa bloku. Fundi anaweza kushusha sampo na kubadilisha beringi bila kuitoa injini ndani ya gari, kazi ambayo gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya injini nyingine. Muuzaji wa HDJ80 ya kati ya 1990 na 1994 aulizwe waziwazi kama beringi zimebadilishwa, na aonyeshe risiti. Asipokuwa nayo, gharama hiyo itolewe katika bei.

Januari 1995 injini hiyo ilifuatwa na 1HD-FT yenye valvu 24. Ifahamike kwamba gari hili nalo huandikwa HDJ80. Herufi peke yake hazitoshi, ila mwaka na jina kamili la injini kwenye kibati.

Mwaka 1998, katika toleo la 100, ikaja 1HD-FTE, yenye zaidi ya nguvu-farasi 200 na pampu inayoongozwa kwa umeme. Ni injini nzuri sana, lakini si ya kila fundi, kwani inapogoma huhitaji chombo cha kusomea hitilafu. Aidha, mwaka 2007 toleo la 200 lililetwa na 1VD-FTV ya silinda nane, ambayo nozeli zake hazivumilii kabisa dizeli yenye maji au uchafu. Anayejaza mafuta ya madumu vijijini ajiepushe nayo.

Ama kwa mtu wa Mtwara anayetaka gari la shamba la korosho na safari za pwani, HZJ105 au HZJ80 yenye 1HZ ndiyo inayofaa zaidi, ijapokuwa ni nzito kupanda mlima. Mafundi wengi wanaifahamu, na injini hiyo imeendelea kutumika katika Land Cruiser za hardtop za Serikali na miradi. Sharti lake moja ni mkanda wa taimingi, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Kwa kuwa namba za dashibodi hurudishwa nyuma kwa urahisi, mkanda usiokuwa na ushahidi wa tarehe ubadilishwe siku gari linaponunuliwa.

Magari ya mnada nayo yakaguliwe injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha na kuipasha moto kabla mnunuzi hajafika aombwe kwa heshima kusubiri mpaka ipoe, ndipo iwashwe upya.