Pima Kipimo Kwanza: Ugezi na Utunzaji wa Kihisi cha Mtetemo

Siku hizi fundi anayeitwa kukagua mashine ya kusaga nafaka, pampu ya maji au jenereta huja na kifaa kidogo kiasi cha tochi. Hukigusisha kwenye ubavu wa mota, husoma namba kwenye kioo chake, kisha hutoa hukumu: beringi zimekwisha, au mota ingali nzima. Mwenye mashine hana la kujibu, kwa sababu namba haibishaniwi. Hulipa gharama ya mota mpya iliyopendekezwa, ama huendelea kusaga kwa amani hadi mota iungue katikati ya msimu wa mavuno, wateja wakiwa wamepanga foleni na magunia yao.

Somo hili ni kwa ajili ya mlaji anayelipia huduma hiyo, na pia kwa yule aliyeamua kununua kipima mtetemo chake mwenyewe. Halikusudii kumfanya msomaji awe fundi. Linakusudia kumwonesha jambo moja ambalo wauzaji wa vifaa hivi hulitaja kwa nadra: kihisi cha mtetemo kinapoharibika, mara nyingi hakinyamazi. Huendelea kutoa namba safi, zenye nukta na desimali, ambazo si za kweli.

Kilichomo ndani ya kifaa

Mwaka 1880, ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walibaini kuwa baadhi ya fuwele, ikiwemo kwatzi, hutoa chaji ya umeme zinapokandamizwa. Tabia hiyo huitwa upiezoelektriki, na huenda msomaji anaitumia kila siku jikoni bila kuijua. Kiwashio cha jiko la gesi kinacholia “tak” na kutoa cheche, kisicho na betri wala kiberiti, ndani yake mna nyundo ndogo ya springi inayogonga kipande cha kauri maalumu. Pigo hilo ndilo linalozaa umeme wa cheche.

Kihisi cha mtetemo hutumia tabia hiyohiyo kwa upole zaidi. Ndani ya kasha lake mna kipande cha fuwele au kauri, na juu yake kizito kidogo cha chuma kilichokazwa. Mashine inapotikisika, kasha hutikisika pamoja nayo, lakini kizito husita kuufuata mwendo kama abiria anayerudishwa nyuma kitini basi linapoondoka ghafla. Kusita huko huikandamiza fuwele na kuiachia, mara nyingi kwa kila sekunde, nayo hutoa umeme unaolingana na ukubwa wa mtikisiko. Saketi ya kifaa huupokea umeme huo na kuugeuza kuwa namba, mara nyingi kasi ya mtetemo katika milimita kwa sekunde.

Kiasi cha umeme kinachotolewa kwa kipimo fulani cha mtikisiko huitwa usikivu wa kihisi. Vihisi vingi vya viwandani hutengenezwa viwe na usikivu wa takriban milivolti 100 kwa kila g moja, ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, takriban mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Kifaa huufanyia hesabu umeme wa kihisi kikiamini kwamba usikivu huo haujabadilika tangu kiwandani. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana usikivu hubadilika.

Namba ndogo, tofauti kubwa

Chukua jedwali lililozoeleka na mafundi wengi, lile la kiwango cha kimataifa ISO 10816-1 cha mwaka 1995. Kwa mashine ndogo, kama mota za umeme zisizozidi kilowati 15, jedwali hilo huhesabu mtetemo wa hadi milimita 1.8 kwa sekunde kuwa unakubalika kwa kazi ya muda mrefu. Kutoka hapo hadi 4.5 ni eneo la mashaka, ambapo mashine inaweza kuendelea kwa muda hadi ipatikane nafasi ya kuitengeneza. Ukizidi 4.5, mtetemo huhesabiwa kuwa mkali kiasi cha kuweza kuiharibu mashine. (Mtengenezaji wa mashine akitoa mipaka yake mwenyewe, ifuatwe ya mtengenezaji. Kinu cha nyundo kwa asili yake hutikisika kuliko pampu.)

Sasa tuseme kihisi cha fundi kilianguka mwaka jana na kupoteza moja ya tano ya usikivu wake. Mota inatikisika kwa milimita 5.0 kwa sekunde, lakini kioo kinaandika 4.0. Fundi, bila nia mbaya yoyote, anamwambia mteja: “Bado, tutaitazama tena mwezi ujao.” Mashine iliyopaswa kusimamishwa leo inaendelea kuzunguka.

Kosa huweza pia kwenda upande wa pili. Kihisi kilichoshikizwa vibaya, kwa sumaku iliyokaa juu ya rangi iliyobanduka au kwa ncha inayotetemeka mkononi mwa fundi, huanza kutikisika chenyewe na kukuza namba. Hapo mteja hununua beringi ambazo hakuzihitaji. Kwa mlaji makosa yote mawili ni hasara, na kwa macho hayatofautishwi.

Ugezi ni nini

Ugezi ni kukilinganisha kifaa cha kupimia na kipimo kingine kinachojulikana kwa hakika, na kuandika tofauti iliyopatikana. Kwa mizani tumeshazoea: mawe ya uzani uliothibitishwa huwekwa juu yake na namba ikatazamwa. Mtetemo hauna jiwe la kuweka mezani, kwa hiyo maabara hutumia mtambo unaotikisika kwa kiasi maalumu. Juu yake hufungwa vihisi viwili, kimoja nyuma ya kingine: kihisi mama, ambacho usikivu wake umethibitishwa, na kihisi cha mteja. Vyote viwili hutikiswa kwa pamoja, polepole na kwa haraka, na majibu yao hulinganishwa. Njia hii ya ulinganisho imeelezwa katika kiwango cha ISO 16063-21. Kihisi mama nacho kiligezwa na kilicho bora kuliko yeye, na mlolongo huo hupanda hadi kwenye maabara zinazopima mtikisiko kwa mwanga wa leza.

Mafundi makini huwa pia na kitikisio kidogo cha kubeba mkononi. Vingi vya aina hiyo hutikisika mara 159.2 kwa sekunde, kwa mchapuko wa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde. Namba hiyo ya 159.2 inaonekana ya ajabu, lakini ilichaguliwa kwa makusudi: katika mwendo huo, kasi ya mtetemo huwa milimita 10 kwa sekunde kamili, na umbali wa mtikisiko huwa mikromita 10. Kwa hiyo hata asiye fundi anaweza kusimama kando na kusoma: kipima mtetemo kikiwekwa juu ya kitikisio hicho, kioo kiandike karibu na 10. Kikiandika 8, hakuna haja ya elimu ya chuo kikuu kujua kwamba vipimo vya siku hiyo havifai kulipiwa. Kumwomba fundi afanye jaribio hilo mbele yako si utovu wa adabu, na fundi mwenye kifaa kizima hulifurahia.

Jaribio moja lisikupoteze. Simu za mkononi nazo zina vihisi vya mwendo, ambavyo hupimwa kwa kuigeuza simu juu chini na kutazama kama mvutano wa dunia unasomeka sawasawa. Vihisi hivyo ni vya silikoni. Kihisi cha fuwele hakisomi mvutano uliotulia, kwa sababu chaji yake huvuja mara tu mwendo unapokoma. Ukikigeuza kisionyeshe kitu, hujathibitisha ubovu wake.

Kusoma cheti

Stika iliyobandikwa kwenye kifaa si cheti. Cheti cha ugezi ni hati inayotaja namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, nayo ilingane na ile iliyochongwa kwenye kasha. Hutaja tarehe, maabara iliyofanya kazi, kipimo mama kilichotumika, mitikisiko iliyojaribiwa na matokeo yake, pamoja na kiwango cha mashaka, yaani kadirio la jinsi matokeo hayo yanavyoweza kupishana na ukweli. Karatasi inayosema tu “kifaa cha aina hii kinakidhi ubora” inazungumzia aina nzima, haikizungumzii kifaa kilichomo mkononi mwako. Karatasi za namna hiyo ndizo zinazotoka kwa wingi ndani ya maboksi ya vifaa vya bei nafuu.

Kama kifaa kimerekebishwa, tafuta kwenye cheti matokeo ya kabla ya marekebisho. Hayo ndiyo yanayoeleza kama vipimo ulivyolipia miezi iliyopita vilikuwa vya kweli, na bila hayo cheti huzungumzia kesho tu.

Wengi hutafuta pia tarehe ya mwisho ya cheti. Kwa mujibu wa ISO/IEC 17025, kiwango kinachoongoza maabara za ugezi, maabara haipaswi kupendekeza muda wa ugezi unaofuata isipokuwa mteja amekubali hivyo. Sababu yake ni ya haki: maabara haijui kama kifaa kitalala kabatini au kitasafiri kila siku kwenye boksi la pikipiki. Uamuzi ni wa mwenye kifaa. Mwaka mmoja ni desturi ya kawaida. Kifaa kikianguka, desturi hiyo imekoma siku hiyohiyo.

Unapotafuta maabara nchini, uliza swali kamili. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi, na zipo pia maabara binafsi. Hata hivyo, maabara hupewa ithibati kwa aina ya vipimo, na iliyobobea katika mizani au joto si lazima iwe na mtambo wa mtetemo. Omba kuona wigo wa ithibati yake, utafute humo neno mtetemo.

Kukitunza

Adui mkubwa wa kihisi ni sakafu. Kuanguka kutoka urefu wa meza hadi kwenye saruji huweza kukipa pigo la maelfu ya g, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na kauri ikapasuka ndani ya kasha ambalo nje halina hata mkwaruzo. Hata sumaku yake huweza kukiumiza. Fundi akiiachia irukie chuma kwa nguvu, kihisi hupokea kishindo. Sumaku huwekwa kwa ukingo kwanza, kisha hulazwa polepole. Ukimwona fundi anaibamiza, mtilie shaka na kifaa chake.

Joto nalo lina mpaka. Vihisi vingi vyenye saketi ndani yake havistahimili zaidi ya nyuzi joto 120 hivi, kwa hiyo visiwekwe karibu na ekzosi ya jenereta. Kauri huzeeka pia kwa miaka, na usikivu wake hushuka taratibu hata ikitunzwa vizuri, ilhali kwatzi hudumu zaidi bila kubadilika. Pale ambapo kihisi huunganishwa kwa waya, anza na waya kabla ya kukilaumu kihisi: waya usikunjwe kwa ukali, usining’inie, na viungio vyake viwe vikavu. Namba inayorukaruka unapoutikisa waya imekwisha kujieleza. Futa kasha kwa kitambaa kikavu, na kifaa kisichotumika kwa muda mrefu kitolewe betri.

Mahali pa kupimia pasafishwe vumbi na rangi iliyobanduka, pawe bapa, na pawekewe grisi kiasi cha utando mwembamba. Kihisi kilichofungwa kwa skrubu husoma vizuri kuliko cha sumaku, na cha sumaku kuliko cha kushikwa kwa mkono.

Kwa mwenye mashine zaidi ya moja, daftari ni kinga isiyo na gharama. Piga alama ya rangi pembeni mwa mahali pa kupimia, pima hapohapo kila mara, mashine ikiwa na mzigo uleule, na uandike tarehe na namba. Mashine moja ikipanda peke yake, itazame mashine. Zote zikishuka au kupanda siku moja, kitazame kihisi.

Daftari hilo lina kazi nyingine siku ya mgogoro. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, lakini malalamiko yasiyo na maandishi husikilizwa kwa taabu. Kabla ya kukubali kubadilishiwa mota au beringi, mwombe fundi akuandikie namba aliyoipata, mahali alipopima, namba ya utambulisho wa kifaa chake na tarehe ya ugezi wake wa mwisho. Ambatisha risiti. Vipuri vilivyotolewa viombe urudi navyo nyumbani: beringi iliyokwisha kwa kweli, ukiisafisha na kuizungusha kwa kidole, mara nyingi hukwaruza.