Dawa ya Mafua na Dawa ya Mafuta ya Damu

Wandugu wanafunzi, hapa Mokambo vumbi ya kiangazi inaletea wazee wetu chafya na macho ya kuwasha. Kati yao kuna wenye kunywa simvastatini kila mangaribi kwa kupunguza mafuta mu damu. Je, waongeze kinini ya chafya? Ndiyo. Klorfeniramini, setirizini na loratadini hazigombani nayo. Ile ya kwanza inaleta usingizi, basi mzee asipande kinga kiisha kuinywa.

Hatari iko upande mwingine. Kikohozi kikifuata, mtu ananunua eritromisini mu soko bila kuuliza. Njo hapa mambo inaharibika! Maini njo inavunja simvastatini. Eritromisini inazuia ile kazi, dawa inajaa mu damu, misuli inauma, mkojo unakuwa mweusi kama chai kali, na figo zinaweza kuharibika. Hata maji ya pamplemusi inafanya vile. Munganga anasimamisha simvastatini kwanza, ao anachagua dawa ingine ya kikohozi.

Terfenadini, dawa ya chafya ya zamani, ilivunjwa na maini vile vile. Pamoja na eritromisini iliharibu mapigo ya moyo. Marekani iliondolewa sokoni mwaka 1998.

Mukitumwa farmasi, mubebe mabokisi yote ya mzee, hata yale matupu.