Bangi Halali kwa Jimbo, Haramu kwa Shirikisho
Kijitabu cha elimu kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani ambao bado si raia

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa mwenye grini kadi, mkimbizi, mwomba hifadhi, mwanafunzi na kila aliyeingia Marekani kwa viza. Kinahusu bangi, hata kama wewe binafsi hujawahi kuigusa, kwa sababu huenda una mtoto wa kiume anayetafuta kazi ya kiangazi, mume anayeendesha trela, au mama mwenye maumivu ya magoti aliyeelekezwa na jirani kwenye mafuta ya kujipaka. Ni elimu ya jumla. Kesi yako yenyewe mpelekee wakili wa uhamiaji.

Serikali mbili, sheria mbili

Duka la bangi la Denver halina lolote la kificho. Mlangoni kuna mlinzi anayedai kitambulisho ahakikishe umetimiza miaka 21. Ndani kuna kaunta ya kioo, leseni ya jimbo imetundikwa ukutani, bei zimebandikwa, na ukimaliza kununua unapewa risiti inayoonyesha kodi ya jimbo na kodi ya mji. Kitu kimoja tu ndicho kigeni: mara nyingi hawapokei kadi za mkopo, na pembeni kuna mashine ya kutolea pesa taslimu. Makampuni ya kadi na benki nyingi zinaogopa sheria ya shirikisho. Mashine hiyo ndiyo dalili pekee utakayoiona pale kwamba iko serikali nyingine ambayo haijakubali.

Sheria ya shirikisho ya dawa zinazodhibitiwa ilipitishwa mwaka 1970 na kuiweka bangi katika daraja la kwanza, pamoja na heroini. Majimbo yakaanza kwenda njia yao. California iliruhusu bangi ya tiba kwa kura ya wananchi mwaka 1996. Colorado na Washington zikaruhusu ya starehe kwa kura ya 2012, na maduka ya Colorado yakafunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2014. Kufikia mwisho wa 2024 majimbo 24 pamoja na mji mkuu, Washington D.C., yalikuwa yameihalalisha kwa watu wazima. Hata ndani ya jimbo moja mambo hayalingani: Colorado Springs ilizuia maduka ya bangi ya starehe kwa zaidi ya miaka kumi ilhali Denver, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari, ilikuwa nayo kila mtaa.

Anayetoka Tanzania ataelewa haraka akiukumbuka Muungano. Zanzibar ina rais wake, Baraza lake la Wawakilishi na sheria zake, lakini uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Marekani nayo, jimbo lina katiba yake, polisi wake na mahakama zake, lakini nani aingie nchini, nani akae na nani awe raia ni neno la shirikisho peke yake. Hapo ndipo mgeni anapokamatika. Jirani yake mzaliwa wa Marekani anaishi chini ya sheria zote mbili, lakini ile ya shirikisho huenda isimguse maisha yake yote. Mgeni hana budi kukutana nayo uso kwa uso kila anapojaza fomu.

Ni ipi yenye nguvu? Ibara ya 6 ya Katiba ya Marekani inasema sheria ya shirikisho ndiyo ya juu. Mwaka 2005, katika kesi ya Gonzales dhidi ya Raich, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba shirikisho linaweza kumzuia hata mgonjwa wa California aliyepanda mimea yake nyumbani kwa ajili ya tiba, kwa ruhusa ya jimbo na bila kumuuzia mtu. Mmoja wa walalamikaji alikuwa na miche sita tu. Maofisa wa shirikisho waliing'oa.

Basi kwa nini maduka hayafungwi? Kwa sababu mahakama hiyo hiyo imeshasema shirikisho haliwezi kuwalazimisha polisi wa majimbo kutekeleza sheria zake, na lenyewe halina askari wa kutosha kulinda kila mtaa. Mwaka 2013 Wizara ya Sheria ilitoa waraka wa kuwaelekeza waendesha mashtaka wake wasisumbuke na majimbo yenye udhibiti mzuri. Januari 2018 Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Jeff Sessions, akaufuta. Maduka yaliendelea kuuza, lakini fundisho lilibaki: kutokamatwa ni jambo moja, kuruhusiwa ni jambo jingine. Waraka huandikwa asubuhi ukafutwa jioni, na sheria ya 1970 iko pale pale.

Mezani kwa ofisa wa uhamiaji

Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo usio na mafumbo: kuvunja sheria ya shirikisho ya dawa, bangi ikiwemo, kunaweza kumnyima mtu sifa ya mwenendo mwema anayotakiwa kuwa nayo mwombaji uraia, hata kama alichokifanya ni halali katika jimbo lake. Mwenendo huo kwa kawaida hutazamwa kwa miaka mitano iliyotangulia ombi, au mitatu kwa wengi wanaoomba kupitia ndoa na raia, ingawa ofisa anaruhusiwa kuangalia nyuma zaidi.

Wengi hudhani kwamba bila kesi mahakamani hakuna tatizo. Sivyo. Siku ya usaili unainua mkono wa kulia, unakula kiapo, kisha ofisa anapitia fomu yako ya kuomba uraia, N-400, swali baada ya swali. Yapo maswali juu ya kutengeneza, kulima, kusambaza au kuuza dawa zinazodhibitiwa, na juu ya makosa uliyoyatenda hata kama hukukamatwa. Mtu aliyekwisha kupita swali la kodi na la safari za nje anaulizwa kwa sauti ile ile ya upole kama amewahi kutumia bangi. Anajibu kwa utulivu: ndiyo, hapa ni halali. Ofisa anaandika. Jibu hilo, likikamilisha vipengele vya kosa kisheria, linaweza kuhesabiwa kuwa ni kukiri, na kukiri kunaweza kumfunga mtu kama hukumu inavyomfunga.

Ipo nafuu ndogo. Kwa mwombaji uraia, kosa moja tu la kumiliki gramu 30 au pungufu kwa matumizi yake mwenyewe halimzuii moja kwa moja. Anayeomba grini kadi au viza yuko pabaya zaidi, kwani hata kosa hilo moja linaweza kumfanya asistahili mpaka apewe msamaha maalumu, na msamaha una masharti yake. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wana msamaha mpana zaidi wanapoomba grini kadi, lakini hauwafikii wale ambao serikali ina sababu ya kuamini kwamba walifanya biashara ya dawa.

Na “biashara” haina maana ya genge. Kijana anayepokea pesa kaunta katika duka lenye leseni, mama anayepunguza majani shambani kwa malipo ya saa, fundi aliyeajiriwa kwenye jengo la kuoteshea: kwa macho ya uhamiaji wote hao wanaweza kuhesabiwa kuwa wameshiriki kusambaza. Mwaka 2019 meya wa Denver wakati huo, Michael Hancock, alimwandikia Mwanasheria Mkuu William Barr kwa ajili ya wahamiaji waliokuwa wamekwama kwenye maombi ya uraia kwa sababu ya kazi za namna hiyo. Walikuwa wakifanya kazi halali ya jimbo na kulipa kodi, na kodi hiyo hiyo ndiyo iliyoweka ushahidi kwenye karatasi. Hapa sheria, kwa maoni yetu, ina ukatili wa pekee: inamwadhibu aliyeandikishwa kazini kwa jina lake kamili kuliko aliyejificha. Sheria inakwenda mbali zaidi. Mume, mke au mtoto aliyefaidika na pesa hizo ndani ya miaka mitano huku akijua zinatoka wapi, au akiwa katika nafasi ya kujua, naye anaweza kuzuiwa.

Safari nazo ni mtego. Mwenye grini kadi aliyekwenda msibani Mombasa au Bukavu anaweza, akirudi, kuchukuliwa kama mtu anayeomba kuingia upya ikiwa aliwahi kutenda kosa la namna hii. Maofisa wa mpakani wana mamlaka ya kukagua mizigo na hata simu. Picha ya sherehe ya mwaka jana, ukiwa umeshika msokoto, ni karatasi ya ushahidi unayotembea nayo mfukoni.

Ukiwa na kesi mahakamani

Usikiri kosa lolote la dawa, hata dogo kiasi cha kukuletea faini tu, kabla wakili anayejua uhamiaji hajalitazama. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini. Padilla alikuwa dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, mkazi halali kwa zaidi ya miaka 40, aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikiri kusafirisha bangi baada ya wakili wake kumwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu.

Miaka mitatu baadaye ikaja kesi ya Moncrieffe, Mjamaika aliyekutwa Georgia na gramu 1.3, kiasi cha misokoto miwili mitatu. Serikali ilitaka ihesabike kuwa kosa kubwa lisilo na rehema. Mahakama ilikataa kwa kura 7 dhidi ya 2, lakini kufikia hapo mtu alikuwa ameshafukuzwa nchini kwa ajili ya gramu hizo.

Jimbo likikufutia kumbukumbu ya hukumu, kwa uhamiaji mara nyingi hukumu ingali ipo. Msamaha aliotoa Rais Biden Oktoba 2022 ulihusu kumiliki bangi chini ya sheria ya shirikisho na ya Washington D.C., kwa raia na wenye grini kadi. Haukugusa hukumu za majimbo, na hizo ndizo nyingi.

Madereva wa malori

Sehemu hii inamhusu hata aliyekwisha kuapa uraia. Leseni ya magari makubwa iko chini ya kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya shirikisho, na kanuni hizo hazitambui kadi ya bangi ya tiba ya jimbo lolote. Kipimo cha mkojo kikionyesha bangi unaondolewa kwenye usukani hadi umalize mpango wa kurejeshwa kazini, na taarifa inaingia katika hifadhidata ya taifa iliyoanza Januari 2020, ambako kila mwajiri wa udereva anatakiwa kuangalia. Tangu tarehe 18 Novemba 2024 majimbo yanawajibika kuiondolea leseni hadhi ya kuendesha magari makubwa ikiwa jina lako limefungiwa humo. Mafuta na peremende za CBD, kiini kinachotolewa kwenye mmea wa bangi, nazo zimewaponza watu, kwani lebo haisemi kweli siku zote, na kusema “nilitumia CBD” hakukubaliwi kuwa utetezi wa kipimo.

Mpaka wa jimbo nao ni mpaka. Illinois ilianza kuuza bangi ya starehe tarehe 1 Januari 2020, Iowa haijairuhusu, na kati yao ni mto Mississippi na madaraja yake. Anayetoka Moline kwenda kazini Davenport anavuka kwa dakika chache. Pakiti iliyokuwa na risiti halali ng'ambo hii inakuwa kosa la jinai la Iowa ng'ambo ile, na kuivusha ni kosa la shirikisho pia.

Nyumba za ruzuku na mbuga za taifa

Nyumba za ruzuku ya shirikisho zinatakiwa kumkataa mwombaji mpya ambaye yeye au mmoja wa kaya yake anatumia bangi, hata ya tiba. Aliyekwisha kuhamia anategemea uamuzi wa mwenye nyumba. Mbuga za taifa ni ardhi ya shirikisho: ukiwa Rocky Mountain huko Colorado au Yosemite huko California, sheria ya jimbo haikukingi.

Utasikia pia kwamba serikali inaishusha bangi hadi daraja la tatu. Pendekezo hilo lilitangazwa na Wizara ya Sheria mwaka 2024. Usilitegemee. Dawa ya daraja la tatu bado ni dawa inayodhibitiwa, na sheria ya uhamiaji hutazama kama kitu kimo kwenye orodha, si kimo daraja gani.

La kufanya

Maadamu hujawa raia, usitumie, usinunue, usishike, wala usifanye kazi yoyote katika sekta hiyo. Ikiwa daktari amekupendekezea kwa ugonjwa mzito, onana na wakili kabla ya kuchukua kadi ya mgonjwa, kwa kuwa kadi hiyo ni maandishi.

Ikiwa umeshatumia au umeshafanya kazi hiyo, usijaze N-400 peke yako wala kwa msaada wa rafiki mwenye Kiingereza kizuri. Usidanganye: uongo chini ya kiapo ni kosa jipya, na mara nyingi huwa zito kuliko lile la kwanza. Una haki ya kwenda na wakili kwenye usaili na kusema kwamba ungependa kushauriana naye kabla ya kujibu. Ombi linaweza kukataliwa kwa kutojibu, lakini ombi lililokataliwa huweza kurudiwa. Maneno yaliyoandikwa kwenye faili hayatoki.

Tafuta wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria katika shirika linalotambuliwa, ambako gharama huwa nafuu au hakuna. Mwandishi wa fomu wa mtaani si wakili, hata akiwa na mhuri. Siku ya kwanza nenda na grini kadi, tarehe za safari zako zote za nje, na nakala yenye mhuri wa mahakama ya kila kesi uliyowahi kuwa nayo, hata iliyofutwa. Kama Kiingereza chako hakitoshi kwa mazungumzo ya sheria, uliza mapema kuhusu mkalimani wa Kiswahili, na usimtumie mtoto wako.