Pikapu ya Dizeli na Tela: Jinsi ya Kupunguza Mafuta

Wakulima wengi wa mashamba ya skimu hupeleka viazi na kabichi sokoni kwa pikapu ya dizeli yenye tela nyuma. Tela ni msaada mkubwa, lakini mara nyingi mkulima akisha kuuza magunia yake huona kwamba sehemu kubwa ya faida imebaki katika kituo cha petroli. Somo la mwezi huu ni juu ya mafuta hayo: yanakwenda wapi, na ni yapi unayoweza kuyaokoa bila kununua kitu.

Kwanza pima, usikisie. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha andika katika daftari kilomita zinazoonyeshwa na saa ya gari. Fanya kazi zako za juma zima, halafu jaza tena katika pampu ile ile. Ikiwa umekwenda kilomita 240 na tangi limepokea lita 30, basi kila lita imekupeleka kilomita 8. Bei ya dizeli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo waweza kujua gharama ya kila gunia kabla ya kukubaliana bei na mnunuzi. Mtu asiye na daftari hawezi kujua kama maneno yanayofuata yamemsaidia au hayakumsaidia.

Sasa tutazame mlima, maana huko ndiko mafuta mengi huliwa. Kuipandisha tani moja mita 1,000 kwenda juu, injini ya dizeli huchoma karibu lita moja kwa kazi hiyo peke yake, mbali na mafuta ya kusukuma gari mbele. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na uwanda wa Kinangop ni karibu mita 2,500. Tuseme pikapu ina tani 1.8, tela tupu tani 0.6, na mbolea uliyopakia ni tani moja, yaani mifuko 20 ya kilo 50. Jumla ni tani 3.4. Kupanda mita hizo 600 kutakula lita mbili hivi.

Lakini angalia jambo hili, ambalo wengi hawalifikirii. Gari na tela vikipanda bila mzigo wo wote bado ni tani 2.4. Kwa hiyo kupanda mtupu hula zaidi ya thuluthi mbili ya mafuta ya kupanda na mbolea! Mkulima ateremshaye viazi Jumatatu na kurudi mtupu, kisha akashuka tena Alhamisi kutafuta mbolea, amelipia mlima mara mbili. Afadhali upatane na jirani zako mapema: viazi vyenu vishuke pamoja, na mbolea yenu ipande kwa safari hiyo hiyo. Na kama una magunia kumi tu yanayoenea katika pikapu, liache tela nyumbani.

Wakati wa kupanda, badili gia mapema kabla injini haijaanza kutetemeka na kulia. Moshi mweusi ukitoka nyuma, hiyo ni dizeli yako inayotupwa hewani bila kuungua vizuri. Punguza mguu, rudi gia moja chini. Moshi ukiendelea hata katika tambarare, fungua kichujio cha hewa utazame. Katika barabara zetu za vumbi huziba upesi kuliko kitabu cha gari kisemavyo.

Wakati wa kuteremka, usitoe gia ili gari lijiendee lenyewe. Wako madereva wanaoamini kuwa huko ni kuokoa mafuta, na ni kinyume kabisa. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, pampu hukata dizeli, na magurudumu ndiyo huzungusha injini. Ukitoa gia, injini lazima ichome mafuta ili isizimike. Tena uzito wote wa tela huachiwa breki, nazo zikipata moto sana hazishiki. Watu wamekufa kwa kosa hili katika miteremko ya Bonde la Ufa.

Katika barabara ya lami adui ni upepo. Ukitoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa ukafika 80, nguvu ya upepo unaokuzuia huongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Nawe umepata nini? Katika safari ya kilomita 30 umewahi dakika saba na nusu. Panga magunia yasipite urefu wa kichwa cha gari, na ulifunge turubai likaze, maana turubai linalopigapiga huvuta gari nyuma.

Tairi za tela husahauliwa kwa sababu hazimsumbui dereva. Zipime asubuhi zikiwa baridi. Kisha, baada ya safari, shika kitovu cha kila gurudumu kwa uangalifu. Kimoja kikiwa moto kuliko kingine, breki inashika au beringi haina grisi. Inua gurudumu hilo kwa jeki, baada ya kuweka mawe chini ya mengine, ulizungushe kwa mkono. Lisipozunguka kwa urahisi, umekuwa ukichoma mafuta kulivuta kila siku.

Mwisho, dizeli ya mitungi inayouzwa kando ya njia kwa bei ya chini. Biashara ya kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ilikuwa kubwa hata Serikali ikaongeza ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuizuia. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, na pampu ikilika, bei ya kuitengeneza yaweza kumaliza faida ya mavuno mazima. Nunua kituoni, uombe risiti, na uibandike katika lile daftari.